Siku nne Amani, mi na mama mdogo tumeenda kuuona mche wa iliki

Nauza viungo Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, binzari zote. Kabla yangu meza ilikua ya mama mdogo, ndo alonilea na ndo alonifundisha kujua iliki nzuri kwa kuitikisa kwenye kiganja na kusikiliza. Na kwa miaka yote hiyo, yake na yangu, hakuna hata mmoja wetu alowahi kuuona mche wa iliki umesimama ardhini. Gunia linakuja limefungwa, tunafungua, tunapima, tunauza, basi. Mwaka huu mwezi wa nane nkasema haiwezekani, Amani, ile bustani ya mimea na hifadhi ya msitu mlimani, ipo hapo juu tu Muheza, wageni wanatoka Ulaya wanakuja kuiona sie tulozaliwa chini yake hatujafika. Meza nkamwachia mdogo wangu tukaondoka.

Siku ya kwanza, Jumamosi

Alfajiri bajaji hadi stendi ya Kange, hapo tukapanda hiesi ya Muheza. Njia hiyo tushaipita mara ngapi tukienda harusini na misibani lakini safari hii mama mdogo alikaa dirishani na alikua na maneno mengi. Tulipopita mashamba ya mkonge kule Ngomeni akaanza habari za babu, ambaye alikua mkata mkonge Kikogwe kule Pangani. Kikogwe ndo mkonge ulipandwa kwanza katika nchi hii, mwaka 1893, Mjerumani anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani na iliyofika hai ni 62 tu. Miche 62! Kilimo cha mkonge unachokiona kutoka Tanga mpaka Korogwe na kwingine mwanzo wake ni hiyo. Mama mdogo anasema babu alikua na makovu ya miiba ya mkonge mikono yote miwili mpaka anazikwa.

Muheza tumefika mapema mno, basi la Amani linaondoka mchana, tukakaa stendi tunakula machungwa (Muheza ukikosa kula machungwa umejitakia). Basi likajaa mpaka juu, magunia, mabati, godoro la sita kwa sita, kuku wawili chini ya kiti changu, konda anapiga kelele "mgosi sogea, mgosi sogea hapo kuna nafasi" na nafasi yenyewe haipo. Lami ikaisha, vumbi likaanza, afu vumbi nalo likaisha ukaanza ubaridi. Hapo ndo mama mdogo akatoa khanga ya pili akajifunika mabega.

Hatukupanda hadi juu siku hiyo, tulishuka Zigi, chini kabisa kwenye lango la hifadhi. Pale kuna nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani, maana walikua na kireli chao kidogo kinatoka Tengeni kinaishia hapo, kilikua kinabeba mbao na mazao. Reli haipo tena ila nyumba ipo, imekarabatiwa, ndo ofisi ya kupokelea wageni. Kulipa kiingilio ni kwa simu, na mtandao ukagoma, tukasubiri karibu saa nzima tumenyoosha simu juu mpaka ukarudi. Wale vijana wa pale walikua na subira na sisi, wakatuletea viti nje.

Jioni tukashuka mtoni. Mto Zigi ni huohuo, maji ya baridi yanapita kwenye mawe makubwa, safi unaona mchanga chini. Kijana aliyekua anatutembeza akatuambia haya maji yanashuka hadi bwawa la Mabayani na kule ndo yanachukuliwa kwenda Tanga mjini kwenye mabomba. Mama mdogo akanyamaza kidogo afu akavua viatu akaingia mpaka kwenye vifundo, akanawa uso, akanywa kwa kiganja. Mi nkamuuliza mama mdogo si ya mtoni hayo, akasema "mwanangu haya nayanywa tangu nimeolewa Tanga, tofauti leo nimeyafata mwenyewe."

Tumelala hapohapo Zigi. Usiku kelele za wadudu na vyura huwezi amini, lakini usingizi tulilala.

Siku ya pili, Jumapili

Kutoka Zigi kupanda Amani ni kama kilomita tisa na kidogo, kona juu ya kona. Mama mdogo ana goti, kwaiyo tukakodi bodaboda mbili, yeye na dereva, mi na dereva, na yule kijana mtembezaji na pikipiki yake mbele, tunasimama kila anaposema kuna kitu. Na hapa ndo nlielewa hii bustani ilivyo maana mi nlidhani bustani ni kama ile ya Jamhuri pale mjini, maua na viti na nyasi zimekatwa. Hapana. Bustani ya mimea ya Amani ni mlima. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakafyeka vipande vipande kuanzia kule chini Zigi kama mita 400 kutoka usawa wa bahari mpaka juu kupita mita 1,000, na kila kipande wakapanda mti wa nchi nyingine, lengo lao wajue upi unapenda joto la chini na upi unapenda baridi ya juu, ili walowezi wao wapande kwa faida. Mipira, misaji, kahawa, kakao, mikaratusi, miti ya dawa, ya mbao, ya viungo, ya kamba. Ni zaidi ya hekta 300. Leo vipande vingi vimekua msitu, usipokua na mtu wa kukuonyesha utapita katikati ya miti ya Amerika ya Kusini ukidhani ni pori la Usambara.

Huyu kijana alikua anajua majina ya kisayansi ya kila mti, anayasema harakaharaka kama anasoma dua. Mama mdogo anamsikiliza afu anamuuliza "sawa mwanangu, unatibu nini?" Na mara nyingine yeye ndo anamwambia.

Kituo kimoja nataka nikieleze vizuri. Tulisimama chini ya mti mkubwa, gome lake lina mifereji ya kwenda juu, majani madogo yanang'aa. Kijana akaokota jani moja bichi lililoanguka, akalifikicha, akampa mama mdogo anuse, hakusema kitu. Mama mdogo akaliweka puani na palepale uso ukabadilika. Akalishika muda mrefu. Mi nkamsogelea nkanusa nkajua. Kafuri. Jamani nyie mnaokaa pwani mnajua harufu ile unaikuta wapi. Mume wake, baba mdogo, tulimzika mwaka juzi na kafuri ya kumuoshea ilitoka kwenye meza yetu, mi mwenyewe nliipima. Kumbe asili yake ni mti huu. Ule mti wala si wa huku, kwao ni kule China na Japani, ulipandwa hapa na watu ambao hata hawakua wanawaza maiti wetu, na sie tukawa tunauza vidonge vyake vyeupe kwenye karatasi. Mama mdogo akaomba dua fupi amesimama, kijana naye akainua mikono, afu tukapanda pikipiki.

Amani kwenyewe ni mita 900 hivi, baridi kweli, ukungu unapita barabarani kama moshi wa jikoni. Kuna manyumba ya zamani ya Wajerumani na Waingereza, mengine yanakaliwa, mengine yamechoka sana, inauma kuyaona. Waingereza walivyochukua baada ya vita ya kwanza pale pakawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, na kitu ambacho watu wengi hapa Tanga hawakijui ni habari ya muhogo. Ule ugonjwa wa batobato na ule mwingine wa michirizi ya kahawia unaoozesha muhogo ndani, watafiti waliokaa Amani miaka ya 1930 ndo walifanya kazi kubwa ya kuutafutia muhogo wetu kinga, wakauchanganya na jamaa zake wa porini wanaovumilia ugonjwa. Huo muhogo wa nazi unaokula na pweza jioni, ujue mlima huu uliuhangaikia. Baadaye utafiti wa kilimo ukahamishiwa Kenya, na mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye makaratasi ikapelekwa Nairobi mwaka 1950, ipo huko hadi leo. Amani wakaja watafiti wa malaria. Mi roho iliniuma kusikia hivo, yaani jani lililochumwa Muheza ukitaka kuliona likiwa limeandikwa jina vizuri mpaka uvuke mpaka.

Mkwinini nao tumeuona. Mti wa kawaida tu, ukipita hutageuka. Gome lake ndo kwinini ya kutibu malaria, na wakati wa vita ya kwanza meli zao zilipozuiwa baharini Wajerumani walikua wanachemsha gome hilo hapahapa Amani kuwapa askari wao.

Mchana tukala ugali na maharage kwa mama mmoja pale kijijini. Baada ya hapo ndo mdalasini.

Sasa sikia. Mama mdogo kauza mdalasini toka kabla mi sijazaliwa, ukimpa kijiti gizani atakwambia ni cha mwaka huu au cha mwaka jana. Kijana akamwambia mama fumba macho, akafikicha jani, akampa. Mama mdogo akanusa mara moja tu akasema kwa uhakika kabisa, "karafuu". Kijana akasema fumbua. Ulikua mdalasini, umesimama hapo mbele yetu, na majani machanga mekunduuu kama yamepakwa hina. Akatueleza kua gome lina mafuta yake na jani lina mafuta mengine, na yale ya jani ndo yaleyale yaliyomo kwenye karafuu. Mama mdogo hakuamini, akachukua jani jingine akafikicha mwenyewe, akanusa, akakwaruza gome kwa ukucha, akanusa, akarudi kwenye jani. Karibu robo saa tupo hapo. Akasema "mti mmoja una maduka mawili ndani." Nimeyaandika palepale kwenye simu.

Usiku kijana akatuchukua na tochi kuangalia vinyonga. Kuna mmoja ana pembe tatu usoni, dume, wa milima hii. Mama mdogo alibaki mlangoni na tasbihi yake, kinyonga hamtaki kumwona, na mi sikumlazimisha.

Siku ya tatu, Jumatatu

Nlimwambia kijana jana yake kua sisi kilichotuleta ni iliki. Akasema iliki ya kwenye bustani ipo lakini twende nikupelekeni kwa mama yangu, ana shamba kule nje ya hifadhi. Kulikua na mvua nyembamba, njia inateleza, tumetembea polepole mama mdogo na fimbo mkono mmoja na bega langu mkono mwingine.

Njiani akatuonyesha mambo mawili. La kwanza ni mti mrefu mweupe upo kila mahali, mesopsisi. Kwao ni kanda ya Ziwa na Uganda na kwenda magharibi huko, uliletwa hapa kupandwa enzi za Wajerumani ukatoroka. Hondohondo wanapenda sana tunda lake, wanakula wanaruka wanadondosha mbegu msituni, sasa umeingia ndani kabisa ya msitu wa asili na unakua haraka kuliko wenyeji. Hilo linanikaa moyoni hadi sasa, kwamba mtu alipanda mti kwenye bustani akijaribu tu na miaka 100 baadaye watu bado wanahangaika nao.

La pili ni ua. Kwenye mwamba wenye majimaji, kivulini, kuna mmea mdogo kama sahani ya chai, majani yana vinyoya laini kama mahameli, na viua viwili vya zambarau na kitovu cha njano. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimtumia baba yake mbegu zake Ujerumani, na leo ndo ua la ndani linalouzwa dunia nzima, madirishani mwa wazungu kila nyumba. Wajerumani wenyewe wanaliita Usambaraveilchen. Yaani jina la milima yetu lipo kwenye madirisha yao. Nlichuchumaa nkaliangalia mpaka miguu ikafa ganzi, mvua inadondoka kwenye jani na haiingii, inakaa juu ya vile vinyoya kama shanga. Hairuhusiwi kuchuma na wala sikutaka.

Afu tukafika shambani kwa mama yake.

Iliki jamani! Nlikua naangalia juu. Majani yake marefu kama ya tangawizi au mtama, yamenizidi kimo, nami naangalia juu natafuta matunda kama ya mpera. Yule mama akacheka akasema mwanangu inama. Nkainama. Iliki inazaa chini, miguuni kabisa. Kwenye shina pale linapotoka ardhini kunatoka vikonyo vyembamba vinatambaa juu ya udongo, na kwenye vikonyo ndo ziko, za kijani, zimejipanga, nyingine bado ua, ua jeupe lina mistari ya zambarau katikati kama mtu kachora na kalamu. Majani makavu yamezifunika, unayasogeza kwa mkono kama unatafuta yai la kuku. Mama mdogo na goti lake alipiga magoti kwenye tope. Akashika kikonyo kimoja na vidole viwili, akasema "miaka yote hii kumbe mlikua mnainama hivi."

Hawa wamama wawili wakakaa kwenye gogo wakaongea karibu masaa mawili na mi nilikaa kimya kabisa maana nilikua nasikia majibu ya maswali niliyokua nayo mezani kwangu miaka 19. Mama mdogo kamuuliza mbona zingine zinanuka moshi. Akajibiwa, huku mvua haina adabu, jua ukilisubiri iliki inaota ukungu, kwaiyo zinapandishwa darini juu ya mafiga zinakauka na moshi wa kuni, wenye uwezo ndo wanapata jua zuri wakaanika kwenye jamvi. Kamuuliza mbona kuna wakati ukiipasua mbegu ni nyeupe badala ya nyeusi, haina harufu. Yule mama akashusha pumzi. Akasema hizo ni changa, ukiziacha zikomae wezi wanakutangulia usiku, kwaiyo mtu anachuma kabla. Nlikua kila nikikuta mbegu nyeupe namlaumu mkulima kua ana tamaa. Kumbe anaogopa kuamka akute vikonyo vitupu.

Akasimulia na habari za Derema. Iliki inapenda kivuli cha miti mikubwa, ndo maana watu walikua wanalima ndani ya msitu, wanafyeka vichaka vya chini na kuacha miti ya juu, na miche ya msitu haipati kukua tena. Miaka ya 2000 msitu wa Derema ukaingizwa kwenye hifadhi, wenye iliki mle wakalipwa fidia wakatoka. Wako waliojenga na wako waliosema haikufikia thamani ya mashamba yao. Yeye amesema msitu unatakiwa, bila msitu hakuna mvua na hiyo iliki haioti, lakini shamba la mtu pia ni mtu. Nimeyaandika kama alivyoyasema maana sioni pa kupunguza.

Pilipili manga pia anayo, inapanda kwenye miti kama tembele lililochanganyikiwa, vishada vya kijani vinaning'inia. Nlipata kuonja mbichi, kali na ina utamu nyuma.

Tukaondoka na kilo mbili za iliki ya jua na namba ya simu.

Siku ya nne, Jumanne

Basi la kushuka linaondoka alfajiri kabisa giza bado, usipoamka umebaki. Mama mdogo alilala bega langu hadi Muheza. Vipepeo hatukupata muda, kuna mradi pale watu wanafuga vipepeo, naambiwa ulipigwa sana mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje, nlitaka sana kuwaona. Mkienda bebeni jaketi na viatu vya kushika, na pesa taslimu maana simu zinagoma, na msilale siku moja, kaeni angalau mbili.

Saa tano tupo mezani. Mteja wa kwanza mwanamke wa Chumbageni kachukua iliki kanusa kasema hii ya moshi sitaki. Zamani ningembadilishia nikanyamaza. Mama mdogo alikua amekaa nyuma yangu hata viatu vya tope hajavua, akamvutia kigoda, akamwambia kaa mama nikueleze moshi huo ni wa kuni gani na kwanini. Yule mama akakaa. Alipoondoka alikua na robo ya zile za moshi na robo ya zile tulizokuja nazo.

Jioni simu ikalia, ni mama yake yule kijana, anauliza kama tulifika salama, na kwamba kuna kilo sita ziko darini zitakauka wiki ijayo. Nkamwangalia mama mdogo. Akasema "mwambie azilete, ila za jua na za moshi asizichanganye, kila moja aifunge mfuko wake."